Mikono ya Emmaculate na Utandu wa Maziwa

Watu wa kanisa letu hapa Ngoingwa waliacha kumsalimia Emmaculate Aketch kwa mkono mwaka wa pili baada ya yeye kujiunga nasi. Hawakumchukia. Waliogopea vidole vyao. Kwa miaka kumi na minne Emmaculate alikuwa akikanda unga wa mkate katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Thika, na kila mashine ilipogoma, ndiye aliyeitwa kwanza. Jumapili alikushika mkono kwa upendo wa Kikristo, nawe ukakaa ibada nzima ukijaribu kukunja kidole cha mwisho. Mimi ni katibu wa kanisa na kalamu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilikuwa nikimwinamishia kichwa tu.

Naandika habari zake kwa sababu zimeandikwa kurasa nyingi mno juu ya watu wakubwa waliodanganya kwa ufundi, na chache mno juu ya mtu wa kawaida aliyesema kweli wakati ambapo kunyamaza kungemlipa.

Kiwanda kilinunua mashine isiyogoma, na wanawake ishirini na wawili wakashukuriwa na kuonyeshwa geti. Emmaculate alikuwa na miaka arobaini na sita. Mumewe, Philip Ouma, hushona sare za shule katika kibanda karibu na steji ya boda boda, na mtoto wao wa kwanza, Austine, alikuwa ndio ameingia chuo. Miezi mitano Emmaculate alibisha milango ya viwanda bila kupata kitu. Hatimaye akasikia kwamba kule Ruiru kuna mama aitwaye Dianah anayetafuta mwanamke mwenye mikono imara na subira.

Kituo cha Dianah kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na rangi. Ni vyumba vitatu vyenye harufu ya mafuta ya simsim. Dianah alisomea kazi yake kusini mwa India kwa miaka miwili, na siku ya kwanza alimketisha Emmaculate akamweleza bila mapambo.

"Kwa elimu ya Ayurveda, tiba ya asili ya Wahindi," alisema, "mwili ni kama nyumba yenye mitaro. Ukila vibaya, ukikaa siku nzima bila kutembea, mitaro inajaa. Tunampaka mtu mafuta ya simsim yenye joto, tunampa chakula chepesi na tangawizi, tunamwambia alale mapema. Sasa, hii masaji ya kusukuma maji ya limfu si ya Wahindi. Ilitoka kwa watu wa tiba huko Ulaya. Nimeiweka kando ya ile ya mafuta kwa sababu zinasaidiana. Mteja akikuuliza, usimwambie ni ya miaka elfu tano."

Niliposimuliwa maneno hayo nilimheshimu Dianah. Katika miji yetu wako watu wanaouza majani ya mwarobaini wakiapa kwamba mbegu ilitoka katika safina ya Nuhu.

Limfu, kwa msomaji ambaye hajui kama nami nilivyokuwa sijui, ni maji yanayobaki katikati ya nyama na ngozi damu ikishapita. Mwili una vijia vyembamba vya kuyarudisha, na vingi viko chini kidogo tu ya ngozi. Vikizidiwa, kama baada ya upasuaji, mguu huvimba. Mkandaji huyasukuma maji hayo taratibu kuelekea shingoni, mahali yanapoingia tena kwenye damu. Lakini vijia vikifinywa vinajifunga. Kinachotakiwa ni kuivuta ngozi peke yake, kwa mkono usio mzito kuliko leso.

Dianah akanyoosha mkono wake ili Emmaculate ajaribu.

"Polepole," alisema.

Emmaculate akaenda polepole.

"Nyepesi zaidi."

Akalegeza.

"Emmaculate! Toa mkono! Mimi si mkate!"

"Pole, madam. Hapo nilikuwa bado sijaanza."

Walikubaliana miezi mitatu ya majaribio. Baada ya hapo, kama mikono itakuwa imelainika na wateja wanarudi, ataandikiwa barua ya kazi. Kama sivyo, wataachana kwa amani. Emmaculate alirudi nyumbani akiitazama mikono yake kama mtu anayetazama mbwa wake mwenyewe aliyemuuma jirani.

Jawabu alilipata jikoni. Maziwa yakichemka yakaachwa yapoe, hutanda ngozi juu yake, ule utandu ambao watoto hukataa kuunywa. Emmaculate aliona kwamba kama angeweza kuusogeza utandu ule kwa vidole kutoka ukingo mmoja wa sufuria hadi wa pili bila kuuchana, angeweza kumgusa binadamu. Akaanza kujizoeza kila siku alipotoka Ruiru, kabla ya chai ya jioni.

"Nyar Ugenya," Philip alimwita kwa jina la kwao, kama afanyavyo anapotaka kitu, "hiyo chai inapikwa ama inafanyiwa operesheni?"

"Nyamaza, unanitingisha."

"Umenawa mikono?"

"Mara tatu."

"Basi mbona jana chai yangu ilinukia simsim?"

"Simsim ni dawa. Kunywa unyamaze."

Wiki tatu nzima familia ile ilikunywa chai yenye vipande vya utandu vinavyoelea kama karatasi zilizolowa. Watoto waliomba chai ya rangi. Katika wiki ya nne, siku ya Jumanne, utandu ulisogea mzima mzima, ukajikunja ukingoni kama kitambaa cha meza kilichosukumwa, kisha ukarudi mahali pake bila hata tundu. Philip alikuwa amesimama mlangoni na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Yawa!" alisema kwa sauti ya chini. "Sasa naweza kunywa?"

"Usiguse. Narudia."

Dianah alipoguswa tena, alifumba macho na kusema kwamba hata yeye hafikii hapo. Ikabaki kuwaridhisha wateja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Sisi watu wa huku tuna kasoro moja, na ninaitaja nikijihesabu ndani yake. Hatuamini kitu kisichouma. Dawa isipokuwa chungu tunaidharau, na mwalimu asipokuwa mkali tunamhamisha. Nyanya zetu walitukanda hadi tukaita majirani, na tukashukuru. Sasa mtu wa namna hiyo alilipa, akalala mezani, akasubiri kuumizwa, halafu akaguswa na leso.

Mteja wa kwanza alikuwa Kui, anayeuza vigae pale Ruiru na kushinda wima mpaka miguu inajaa.

"Mama, utaanza saa ngapi?" Kui aliuliza.

"Nilianza dakika kumi zilizopita."

"Ai! Nilidhani ni nzi. Finya, mama! Nimelipa, usinihurumie."

"Dada, hii haifinywi."

"Aki hata paka wangu hufinya kukushinda."

Kui alipotoka aliandika katika daftari la maoni: "Mhudumu anaogopa wateja." Mwingine akaandika: "Alinipapasa kama mtu anayetafuta swichi." Wa tatu aliandika neno moja tu: "Sikuguswa." Hakuna aliyerudi.

Dianah alimwonyesha daftari. "Sikuambii ufinye," alisema. "Ukifinya nitakufukuza mimi mwenyewe. Nakuambia wateja warudi."

"Sasa nifanye nini, madam?"

"Sijui. Ningejua ningekuwa na wateja."

Ilikuwa rahisi kufinya kidogo mlango ukishafungwa. Mteja angefurahi, Dianah asingejua, na miguu ingebaki na maji yake. Wengi wetu tungefanya hivyo na kuuita uhusiano mwema na wateja. Emmaculate hakufanya.

Mwezi wa mwisho wa majaribio, Mzee Gerishon akaja. Gerishon ni mzee wa kanisa letu, karani mstaafu wa kiwanda cha kahawa, na sauti ya besi ya kwaya ni mali yake. Alikuwa amepasuliwa goti, na mguu wa kulia ukavimba usiingie kiatuni. Miezi miwili alikuja ibadani akiwa na kiatu cheusi kilichong'aa mguu wa kushoto na patipati ya bluu mguu wa kulia. Kwa mtu ambaye amewahi kuwarudisha vijana nyumbani kwa sababu ya kuvaa raba madhabahuni, huo ulikuwa msalaba. Daktari wake alimpima, akaona hakuna damu iliyoganda, akampa barua ya kuruhusu masaji nyepesi, na pia soksi ya kubana avae kila siku bila kukosa. Mkewe, Ngendo, ndiye aliyemleta Ruiru, kiatu cha kulia kikiwa ndani ya mkoba kwa matumaini.

Emmaculate alimlaza mzee chali, akaweka mikono pande mbili za shingo.

"Mama Austine," alisema Gerishon, "mguu uko huku chini."

"Najua, mzee. Naanzia mlangoni. Asubuhi magari yakikwama pale Ruiru, utaanza kuyasukuma yale ya nyuma kule Juja?"

Gerishon alifikiri. "Hapana. Unafungua mbele kwanza."

"Basi lala."

Mikono ikatulia shingoni, kisha kwenye mifupa ya mabega, myepesi, yenye joto, karibu isiyotembea. Sasa, Gerishon alikuwa amekaa kanisani miaka hamsini, na katika miaka yote hiyo mkono wa kumjia mtu namna ile alikuwa anaujua mmoja tu, nao ni mkono wa maombi. Akafumba macho.

"Asante, Baba," alisema kwa besi. "Ee Bwana, tenda."

Emmaculate alishtuka. Lakini mtu hamkatizi mzee wa kanisa akiwa katikati ya maombi. Akaendelea na kazi, kifua, nyonga, paja, na mzee alipovuta pumzi akingoja kuitikiwa, akasema "Amina," maana kunyamaza kungekuwa utovu wa adabu. Ngendo, kwenye kiti cha pembeni, aliposikia hivyo alisimama akainua mkoba na kiatu chake mbinguni. Dianah alikuwa akipita nje ya pazia na ndoo. Alisimama, akasikiliza, na kwa kuwa hakujua la kufanya, akasema "Amina" naye. Waliendelea hivyo dakika arobaini.

Gerishon alirudi mara nne. Mara ya nne kiatu kikaingia, kamba zikiwa zimelegezwa.

Jumapili alipanda mbele na viatu viwili. Kanisa likasimama hata kabla hajafungua mdomo. Alishuhudia kwamba madaktari walimpasua, lakini mkono wa dada Emmaculate ulipowekwa juu yake, nguvu ilishuka kutoka shingoni hadi kidole gumba. Pasta Muriithi akamwita Emmaculate mbele. Alifungua kinywa kusema, kinanda kikamtangulia, na kina mama wakaanza kucheza. Nami niliandika katika daftari la ushuhuda, kwa wino: "Mzee Gerishon ameponywa mguu kwa kuwekewa mikono." Sikuuliza swali hata moja. Hilo ni kosa langu.

Kuanzia Jumatatu simu ya Dianah haikupumzika. Wateja waliotaka kufinywa sasa walilala kimya kama wako ibadani. Wepesi ule ule waliouita uvivu waliuita upako. Habari zilipofika Ruiru, hata Kui alirudi.

"Mama, ongeza maombi hapo kwa kisigino," alisema kwa upole. Akaandika daftarini: "Nilihisi nguvu."

Wiki ya mwisho Dianah alikuja akitabasamu. "Sielewi kinachoendelea," alisema, "lakini Jumatatu tunaandika barua yako ya kazi."

Siku ya Jumatano Ngendo alimngoja Emmaculate kwenye kibanda cha Philip.

"Mama Austine, nisaidie," alisema. "Huyu mzee amevua ile soksi ya daktari. Anasema Mungu hafanyi kazi nusu. Kliniki ya Jumatatu hakuenda. Na mguu umeanza kujaa tena, anauminya kwa kiatu watu wasione. Jana alivua kiatu akalia."

Emmaculate alienda nyumbani kwa mzee siku iyo hiyo.

"Mzee, vaa soksi," alimwambia. "Mimi sina karama. Ile ni kazi nimefundishwa."

"Unyenyekevu wako unanigusa," alisema Gerishon.

"Si unyenyekevu, mzee. Ni kazi. Una risiti."

"Hata Musa alikataa mara ya kwanza," alijibu Gerishon, akamwagiza Ngendo alete chai.

Basi ikabaki njia moja, nayo ilipitia mahali pale pale uongo ulipoingilia. Jumamosi Emmaculate alimweleza Dianah yote. Dianah alizungusha kifuniko cha chupa ya simsim.

"Ukisema hivyo, hawa wateja wote wataenda," alisema mwishowe.

"Najua, madam."

"Barua ni Jumatatu. Si ungoje hata Jumatatu jioni?"

"Kanisa ni kesho. Na mguu unajaa."

Alipopita kibandani, Philip naye alijaribu. "Kwani ukinyamaza nani atakufa?"

"Hicho ndicho sikijui," Emmaculate alisema, na Philip akarudi kwa cherehani yake.

Jumapili, wakati wa matangazo, aliomba nafasi. Pasta Muriithi alimpa kwa furaha. Mpiga kinanda aliweka vidole tayari, naye Emmaculate akamgeukia kwanza. "Wewe ngoja," alisema. Kisha akatutazama sisi.

"Mimi sikupewa karama. Nilifundishwa Ruiru miezi mitatu, nikajizoeza na sufuria ya maziwa. Mzee aliomba, na Mungu husikia maombi, sibishani. Lakini mikono ilikuwa kazini, kama vile ilikuwa kazini kwa mkate. Mguu ule ni maji. Yanatoka na yanarudi. Daktari alisema soksi na kliniki, na hakuna mahali nilisema ziachwe. Nilinyamaza kwa sababu mlinishangilia, na ilikuwa tamu. Nisameheni."

Sauti moja ya nyuma ikauliza, "Kwa hivyo mgongo wangu?"

Gerishon alisimama, mkono mmoja kwenye benchi. "Unataka kuniambia niliomba dakika arobaini nikipakwa mafuta?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe ulikuwa ukisema Amina!"

"Ningefanya nini, mzee? Uliomba vizuri."

Kicheko kilianzia kwaya kikafika mlangoni. Pasta Muriithi alijifuta jasho ambalo halikuwapo ili afunike mdomo. Gerishon peke yake hakucheka. Alitoka kwa mlango wa pembeni, akichechemea katika viatu vyake viwili.

Nilifungua daftari la ushuhuda, nikapiga mstari juu ya maneno yangu na kuandika kweli pembeni. Ulikuwa mstari wa kwanza katika miaka kumi na moja ya ukatibu wangu. Nikirudisha macho nyuma, haukupaswa kuwa wa kwanza.

Jumatatu asubuhi wateja watano walipiga simu kusema hawaji. Wa sita, Kui, alikuja mwenyewe ili agombe ana kwa ana.

"Mama, chagua," alisema. "Rudisha ile ya maombi ama ufinye. Siwezi kulipia nzi."

Dianah alikuwa kwenye dawati, barua mbele yake, kalamu imefunikwa. Hapo ndipo hatua nzito zikasikika kwenye ngazi, na Gerishon akaingia, Ngendo nyuma yake. Alikuwa amevaa patipati. Soksi ya daktari alikuwa ameishika mkononi.

"Kama si karama," alisema bila salamu, "nionyeshe ni nini. Maneno sitaki. Maneno nimesikia ya kutosha, na mengi yalikuwa yangu."

Emmaculate alienda kwenye jiko dogo la kituo, akachemsha maziwa, akayaacha yapoe. Wote walingoja kwenye viti kama watu walio kliniki. Kisha akaleta sufuria akaiweka mezani.

"Mzee, nawa mikono. Sogeza huo utandu mpaka ule ukingo mwingine. Usiuchane."

Gerishon alicheka kwa dharau, akatia vidole. Utandu ukachanika mara mbili kabla hajausogeza upana wa kucha.

"Wacha mimi," alisema Kui. "Wanaume wana vidole vya jembe." Akaumaliza uliobaki.

Maziwa yakapashwa tena, utandu ukatanda tena. Dianah alijaribu, akauchana, akalamba kidole akicheka. Ngendo aliufikisha nusu ya safari kisha akapiga chafya. Mara ya tatu ndipo Emmaculate akaketi. Vidole vinne vikagusa, na utandu ukaondoka mzima kama unaitwa, ukajikunja ukingoni, ukarudi, ukalala. Hata tundu la sindano halikuonekana.

"Ngai," alisema Ngendo.

"Vijia vya mguu wako viko juu juu namna hii," Emmaculate alimwambia mzee. "Wakinifanya nifinye, ndio nimevifunga."

Gerishon aliitazama sufuria kwa muda mrefu, kama karani anayetafuta kosa katika hesabu ya mwenzake. Kisha akamkabidhi Ngendo soksi. "Utanivalisha tukimaliza," alisema. "Na kliniki ni lini?"

"Alhamisi. Niliwapigia."

Alipanda mezani. Kui alivuta kiti akakaa.

"Wewe unangoja nini?" Dianah alimwuliza.

"Zamu yangu. Na asinifinye."

Dianah alifunua kalamu akatia sahihi kwenye barua ya kazi, kidole chake bado kina maziwa. Alama ile ipo hadi leo, Emmaculate alinionyesha.

"Mama Austine, naruhusiwa kuomba?" Gerishon aliuliza, mikono ikishafika shingoni.

"Omba, mzee. Lakini ukimaliza ni soksi."

Hakufika mbali. Alishukuru kwa ajili ya mvua, akaanza kushukuru kwa ajili ya barabara, akakoroma. Emmaculate alisema "Amina" kwa niaba yake akaendelea kushuka kifuani.

Siku hizi kila mteja mpya hupewa sufuria kwanza, na daftari la maoni limejaa malalamiko juu ya maziwa tu. Philip anasema chai ya nyumbani kwake imepona.

Jumapili iliyofuata Mzee Gerishon alimwendea Emmaculate mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu wote, akamnyooshea mkono. Emmaculate alifurahi hata machozi yakamlenga, akaushika kwa moyo wote. Mzee alikuwa amesahau kwamba wepesi ule ni wa kazini. Aliimba besi ibada nzima akiwa ameuficha mkono wa kulia ndani ya koti, na wimbo wa mwisho Ngendo ndiye aliyemfungulia kitabu.